Pima Kwanza: Feni ya Hita, Pikapu ya Zamani na Ugonjwa wa "Badilisha"

Kuna neno moja limenichosha: "badilisha." Kompyuta iko polepole? Badilisha. Simu haishiki mtandao? Badilisha. Mimi ni mtu wa programu na neno hili nalisikia kila wiki kazini, lakini leo nataka kulisema kwa kutumia pikapu. Wasomaji wangu wa kompyuta vumilieni kidogo, mtaona mahali tunapokutana.

Mjomba wangu yuko Othaya, kule Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua. Ana pikapu ya dizeli ya mwaka 1993, hubeba mbolea, majani chai na majirani. Feni ya hita ilikufa. Unazungusha swichi namba moja hadi nne, kimya.

Mtu wa Mombasa ataniuliza, hita ya nini Kenya? Basi njoo Othaya Julai, saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umejaa barabarani na ndani ya gari kuna watu watatu, makoti yamelowa, madirisha yamefungwa. Unyevu wa pumzi zao unatua kwenye kioo baridi na dereva haoni kitu. Feni ndiyo husukuma hewa ya moto kwenye kioo hicho. Ikifa, dereva anashika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine, kwenye kona za milimani, na muda si mrefu watoto wa shule wanaanza kutembea kando ya barabara hiyohiyo. Kwa hiyo msiniambie hita ni anasa.

Fundi wa kwanza alisema mota imeungua. Mjomba akanunua ya mtumba, shilingi 4,500. Kimya. Wa pili akasema ni swichi, shilingi 1,800. Kimya. Wa tatu alitaka kuleta mashine ya kusoma makosa ya kompyuta. Jamani! Saketi ya feni kwenye gari la umri huo haina kompyuta yoyote ya kuulizwa. Ni betri, fyuzi, rilei, mota, rezista, swichi, kisha waya wa kurudi kwenye bodi. Vitu saba. Nimeona programu ndogo zenye mambo mengi kuliko hayo.

Nilipokwenda likizo nilibeba taa ya kupimia ya shilingi 200: balbu ndogo, ncha kali upande mmoja, klipu upande wa pili. Wengi hupenda mita ya dijitali, na mimi ninayo, lakini kwa kazi hii taa ni bora. Mita haivuti umeme, kwa hiyo waya uliooza kabisa, uliobaki na uzi mmoja, bado utasoma volti 12. Taa huvuta, na uongo mwingi wa namna hiyo hutoka nje. (Lori nyingi za Kijapani ni volti 24, angalia balbu yako isiungue.)

Watu wa programu tunajua kutafuta kwa kugawanya: usianze mwanzo, piga katikati. Katikati hapa ni plagi ya mota, chini ya dashibodi upande wa abiria. Iache plagi ikiwa imechomekwa, washa ufunguo, weka swichi namba nne, bana klipu kwenye chuma safi cha bodi, kisha gusa waya kwa nyuma ya plagi. Waya wa kuingia: taa ikawaka. Basi fyuzi na rilei zinapitisha. Waya wa kutoka: taa ikawaka pia! Hapa ndipo utamu ulipo. Umeme umepita mota nzima, kaboni na koili zote, ukafika upande wa pili ukakosa njia ya kurudi nyumbani. Nikaunganisha waya huo wa kutoka moja kwa moja kwenye bodi. Feni ikaunguruma. (Ukikosea ukaunganisha waya wa kuingia, fyuzi itakatika, kwa hiyo hakikisha ni upi.)

Rezista haikuwa mshukiwa, kwa sababu namba nne huwa inairuka. Rezista ikiungua, feni hufanya kazi namba ya mwisho peke yake. Kama hiyo ndiyo dalili yako, usiibadilishe tu na kuondoka. Rezista hupozwa na upepo wa feni yenyewe, hivyo chunguza kwanza kama majani makavu yameziba njia ya hewa au mota inazunguka kwa shida, la sivyo mpya nayo itaungua.

Kwetu ilibaki swichi, ambayo ilikuwa mpya, na waya wake wa kurudi. Bolti yake nyuma ya dashibodi ilikuwa imevaa kutu. Msasa, dakika kumi. Ile mota ya kwanza niliiweka kwenye betri, nayo ikazunguka vizuri tu.

Jambo lililonikasirisha lilikuwa kwenye kisanduku cha fyuzi. Mmoja wao alitoa fyuzi akaweka kipande cha waya wa shaba. Sasa mota ikikwama, hakuna cha kukatika ila waya zilizo nyuma ya dashibodi, na zenyewe hukatika kwa kuwaka moto. Mtu akikufanyia hivyo usimlipe. Ampea zinazotakiwa mara nyingi zimeandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku, weka hizohizo.

Lakini siwalaumu mafundi peke yao. Mjomba alilipa shilingi 6,300 za vipuri bila kunung'unika, ila fundi angemwambia "nipe 500 nipime tu," angefukuzwa. Sisi wateja hulipia kitu cha kushika mkononi. Wateja wangu wa programu ni hivyohivyo: siku mbili za kutafuta mstari mmoja wa kufuta, wanauliza umeandika nini. Basi fundi naye anauza kipuri, maana ndicho kinacholipwa. Mimi nimemwambia mjomba siku nyingine atoe hiyo 500 mapema, na amwambie fundi amwonyeshe kwa taa umeme unaishia wapi kabla ya kwenda dukani.