Mlango wa Rufani Usifungwe kwa Hesabu ya Siku



Mfanyakazi aliyefutwa kazi Kitale na kurudi kwao Bungoma hupoteza vitu viwili kwa mpigo: mshahara wake na habari za kesi yake. Yumo shambani Chwele akipalilia mahindi, kumbe hukumu ya hakimu imekwisha kutolewa. Tangu korona ya 2020, hukumu nyingi hupelekwa kwa mawakili kwa barua pepe, na wakili asiyelipwa aghalabu hana haraka ya kupiga simu. Habari inapomfikia mdai, siku 30 za kukata rufani zimepita. Hapo ndipo anapoambiwa akaombe kibali.

Twakumbuka tulikotoka. Chini ya Sheria ya Ajira ya 1976, mwajiri alimtoa mtu kwa notisi au kwa malipo badala ya notisi, wala hakudaiwa sababu. Uamuzi wa Mahakama ya Viwanda, iliyoanzishwa 1964, ulikuwa wa mwisho. Wahadhiri waliogoma kuanzia Novemba 1993 wakidai chama chao, UASU, kiandikishwe, waliona baadhi yao wakifutwa kazi; chama hicho kiliandikishwa 2003. Marehemu Masinde Muliro, mzaliwa wa Bungoma aliyekuwa mbunge huko Trans Nzoia, aliposimama na wenzake kuanzisha FORD mwaka 1991, hakuwa akidai karatasi za kura peke yake. Mtu anayeweza kunyimwa unga bila kusikizwa hana uhuru wa kuchagua chama.

Leo sheria ni nyingine. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri amsikize mfanyakazi kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu, uzembe au udhaifu wa mwili. Cha 43 chamtaka athibitishe sababu. Cha 49 chaweza kumpa aliyeonewa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 41, yalinda haki kazini. Lakini haki hizi zote zaweza kuzimwa na hukumu moja yenye kasoro, iwapo hapana njia ya kuifikisha mbele ya jaji.

Tangu 2018, kesi za wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi husikizwa na mahakimu walioteuliwa, na rufani huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Aliyechelewa hutegemea kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kinachomruhusu jaji kupokea rufani iwapo ipo sababu njema na ya kutosha. Majaji hutazama urefu wa kuchelewa, sababu zake, uzito wa rufani yenyewe, na hasara itakayompata mpinzani. Mwaka 2014, katika shauri la Nick Salat, Mahakama ya Juu ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu bali ni hisani ya mahakama, na anayeomba ndiye wa kueleza kwa nini alichelewa.

Hatuyapingi hayo. Mwajiri naye hawezi kuishi miaka yote akingojea kesi iliyokwisha ifufuliwe. Tunalopinga ni kumpima kibarua kwa mizani ile ile ya kampuni yenye ofisi ya sheria. Mahakama mara husema kosa la wakili lisimwangukie mteja, mara husema kesi ni ya mteja na alipaswa kuifuatilia. Kuifuatilia kwa nauli gani? Kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma ni siku nzima ya kibarua iliyopotea, na masjala humwambia arudi wiki ijayo.

Twadai hukumu itangazwe kwa ujumbe wa simu kwa mdai mwenyewe, wala si kwa wakili peke yake. Twadai ombi la kibali la mtu asiye na wakili liamuliwe kwa hati ya kiapo, asiitwe mara tatu kuja kusikia kuwa faili haionekani. Na ikiwa Katiba, kifungu cha 159, yakataza haki kuzongwa na ufundi wa utaratibu, basi kibarua wa Kitale awe wa kwanza kufaidi maneno hayo.

Wakati huo huo, msikae. Siku ya hukumu, omba kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, ukagonge muhuri wa masjala kwenye barua yako. Ikiwa rufani yaelekea Mahakama ya Rufani, ilani huwekwa ndani ya siku 14, na barua ya kuomba mwenendo lazima nakala yake imfikie mpinzani; wengi wameisahau hiyo nakala na wakanyimwa siku ambazo masjala yenyewe ilizitumia. Ukiwa umechelewa tayari, andika kila tarehe: siku uliyopata habari, siku uliyokwenda kwa wakili, stakabadhi ya matatu, cheti cha hospitali. Ombi lako liingie wiki hii.