Kabla ya kukopa wufa, sogeza spika

Kijana akipata kibarua siku hizi, wa kwanza kununuliwa ni wufa, tena kwa lipa mdogo mdogo. Kodi isubiri, besi kwanza. Jameni, haraka ya nini?

Hamu naielewa. Benga ya Kikamba tunayocheza hapa Kanyangi, tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, hubebwa na gitaa la besi. Likipotea, unabaki na kelele za nyuzi tu. Ninachopinga ni kulaumu spika kabla ya kuangalia zimewekwaje.

Anza nyuma ya redio. Waya mwekundu uende kwa nyekundu, mweusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma hewa huku nyingine ikivuta, na besi inakufa katikati. Kurekebisha ni bure.

Kisha sogeza spika karibu na ukuta, ama kona. Sauti nzito husambaa pande zote, na ukuta huirudisha chumbani. Ikianza kuvuma kama pipa tupu, vuta mbele kidogo. Hata wewe hama kiti: wimbi la besi linaweza kufika mita 7, refu kuliko sebule yako, kwa hivyo kuna mahali linajaa na mahali linapotea.

Mabati yakitetemeka, hiyo si besi. Ni mabati.

Bado haitoshi? Sawa, nenda dukani. Lakini beba wimbo unaoujua vizuri, na umwambie muuzaji atoe hiyo spika kwa kona kwanza.