Kitabu kipi kinamfaa mkulima wa pamba Lamadi?

Mkulima wa Lamadi, wilayani Busega, anayetaka kutoa sehemu ya fedha za pamba anunue kitabu cha tabia ya binadamu, aulize kwanza: mwandishi alimchunguza nani?

Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, kilichotoka mwaka 1937, kimejaa visa vya matajiri wa Marekani. Kinatia moyo, hakuna ubishi. Lakini waliowaza vivyo hivyo wakafilisika hawamo. Mwenye duka la pembejeo akikitegemea hicho peke yake, anaweza kukopa kwa ujasiri na kushindwa kulipa kwa ujasiri uleule.

Mfanyabiashara atafaidi zaidi Influence cha Robert Cialdini (1984). Kinaeleza kwa nini anayepewa zawadi ndogo hujiona ana deni, na kwa nini bidhaa inayosemwa kuwa inakwisha hugombewa. Mnunuzi naye akikisoma, ataitambua mbinu ya "imebaki mifuko miwili tu".

Kwa mkulima, vipo viwili vya kutangulia. Scarcity cha Mullainathan na Shafir (2013) kinasimulia wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Katika utafiti huo, wakulima 464 walipewa majaribio ya akili kabla ya mavuno na baada yake. Watu walewale walifanya vizuri zaidi walipokuwa na fedha mkononi. Basi anayekubali mkopo wa riba kubwa wakati ghala ni tupu si mjinga; dhiki imemmaliza akili.

Poor Economics cha Banerjee na Duflo (2011) kinasogea karibu zaidi na nyumbani: Busia, magharibi mwa Kenya. Huko wakulima wa mahindi walitaka mbolea, ila msimu wa kupanda ukifika fedha zimekwisha. Walipofuatwa mara tu baada ya mavuno, wakauziwa hati ya mbolea ya kupelekewa bure baadaye, matumizi yaliongezeka karibu sawa na kama bei ingepunguzwa kwa nusu. Bei ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni siku ya kuuza. Wenye maduka ya dawa za pamba wana la kujifunza hapo.

Kikwazo ni Kiingereza. Wanachama wa chama cha msingi wangeweza kuchangia nakala moja, wakamwomba mwalimu awasomee kwa Kiswahili sura ya akiba, kabla malipo ya pamba hayajaanza.