Kwa mita 25, darubini ya mara 60 ya nini?

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri, ila hiyo darubini ya kukuza mara 60 uliyoitaja ya kutazamia matundu ya risasi ni kututoboa mifuko bure. Kwa bastola, shabaha kwa kawaida huwa mita 25, ikizidi sana 50. Darubini ya macho mawili ya 8x42 huileta karatasi ya shabaha iliyo mita 25 kana kwamba iko mita 3 hivi mbele yako, na tundu la risasi ya 9mm unaliona bila taabu. Kizungumkuti ni tundu la .22 lililoangukia kwenye duara jeusi. Hapo shida mara nyingi ni rangi, si ukuzaji: nunua karatasi zile ambazo rangi yake hubanduka na kuacha njano kuzunguka tundu. Ni rahisi kuliko lenzi yoyote.

Kwa mita 50, sawa, tafuta ya mara 20, lakini na stendi yake, maana mkononi hutetemeka hadi hesabu ya matundu inakupotea. Kabla hujalipa, ijaribu ukiwa umevaa miwani ya kinga. Ukiona kiduara kidogo na giza pembeni, mrudishie muuzaji. Na jamani, zile za mfukoni za "mara 100" zinazotangazwa mitandaoni, achaneni nazo.