Waliouona moto wakanyamaza

Feni ya chumba chetu hosteli ilikuwa inayumba. Ukiiwasha namba tatu unalala umejikunja upande wa ukutani, maana hujui lini itakushukia. Mwenzangu wa chumba, anayesoma uhandisi mitambo, aliivumilia wiki mbili, halafu jioni moja akapanda juu ya meza na kubandika sarafu ya shilingi 200 kwa selotepu juu ya panga moja. Akaiwasha, ikayumba zaidi. Akahamishia sarafu panga la pili. Ikatulia. Nikamuuliza huo uchawi kautoa wapi. Akacheka, akasema hata injini za ndege zinatulizwa hivyohivyo.

Kumbe hakuwa anatania. Mbele ya injini ya ndege ya abiria kuna feni kubwa inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Panga moja likibadilika uzito kidogo tu, labda kwa kugongwa na jiwe au kwa kushikwa na barafu, injini nzima inatetemeka. Ndiyo maana kwenye mwili wa injini hufungwa vihisi vyenye fuwele, ambazo zikibanwa na kuachiwa hutoa umeme kidogo. Umeme huo unalinganishwa na kasi ya mihimili inayozunguka, na rubani anaona namba mbele yake. Ikizidi kiwango, mafundi wanakokotoa uzito uongezwe upande gani, kisha wanafunga skrubu nzito kwenye koni iliyo katikati ya feni. Ni sarafu yetu ileile, ila ya gharama.

Nikadhani basi, tatizo la mtetemo limekwisha. Mpaka aliponisimulia Kegworth, na mimi nikaenda kuisoma mwenyewe.

Jioni ya tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737-400 ya shirika la British Midland iliruka kutoka Heathrow, London, kwenda Belfast ikiwa na watu 126. Ilikuwa bado inapanda, imeshapita futi 28,000, panga moja la feni ya injini ya kushoto lilipokatika kipande. Ndege ikatetemeka, harufu ya moshi ikaingia hadi kwa marubani. Wakaamua mbovu ni injini ya kulia. Wakaipunguza nguvu, kisha wakaizima. Injini nzima, isiyo na kosa.

Na hapa ndipo mtego ulipokuwa. Walipoipunguza ile ya kulia, mtambo unaorekebisha nguvu za injini wenyewe ulikuwa umeondolewa kazini, kwa hiyo ya kushoto ikaacha kusukumwa, ikatulia. Moshi nao ukapungua. Wakaamini wamepatia. Wakati wanaamua hivyo, kipimo cha mtetemo cha injini ya kushoto kilikuwa kimefika mwisho, kipo mbele ya macho yao.

Karibu na uwanja wa East Midlands wakaongeza nguvu ili watue. Injini ya kushoto ikafa kabisa. Ndege ikagonga ukingo wa barabara kuu ya M1, njia ya kutulia ikiwa mbele kidogo tu. Watu 47 walifariki.

Wengi wakiisimulia ajali hii wanamaliza kwa "kosa la rubani", wanafunga daftari. Mi sikubaliani nao. Kwenye ndege za zamani vipimo vya mtetemo vilikuwa na sifa ya kudanganya, na marubani walikuwa wamezoea kutovitegemea. Kwenye 737-400 vilikuwa vimeboreshwa, lakini mshale wa zamani ulibadilishwa ukawa vitaa vidogo vinavyozunguka pembezoni mwa kipimo, bila kengele wala onyo. Marubani wale wawili, ukijumlisha saa zao zote kwenye aina hiyo ya ndege, hazifiki 100. Simuleta yake haikuwepo Uingereza wakati ule. Sasa hapo mtihani ulitoka kabla ya somo kufundishwa, halafu tunashangaa mtu kafeli?

Hata watengenezaji nao walishangazwa. Panga lile lilichoka kwa aina ya mtetemo ambayo majaribio ya awali hayakuionyesha, kwa sababu unatokea juu sana angani, injini ikiwa na nguvu nyingi. Juni mwaka huohuo ndege nyingine mbili za aina hiyo zikapatwa na jambo hilohilo.

Lakini kilichoninyima usingizi si vipimo. Kapteni aliwatangazia abiria kwamba injini ya kulia imeleta shida na imezimwa. Nyuma kulikuwa na watu walioona kwa macho yao moto ukitoka kushoto, abiria na wahudumu. Baadhi ya abiria walishangaa kusikia "kulia". Hakuna aliyekwenda kusema. Yule ni kapteni bwana, anajua anachofanya.

Naielewa sana hiyo. Nikiwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo mwaka jana, nilifundisha Kidato cha Pili kufungua mabano. Nikaandika ubaoni kwamba hasi tatu mara hasi mbili ni hasi sita. Wakanakili wote. Nikatoa maswali, wakakosa wote kwa namna moja, na hapo ndipo nikashtuka. Baadaye binti mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, tuliiona ile alama, tukadhani leo ndivyo inavyotakiwa." Darasa zima lilikuwa limeuona moto. Na sisi walimu ndio tuliowafundisha, tangu darasa la kwanza, kwamba anayeshika chaki hakosei.

Ripoti ya uchunguzi wa Kegworth ilizungumzia pia mawasiliano kati ya marubani na wahudumu, siyo vyuma peke yake. Sisi huku tuna fomu ya kutathmini kozi. Tunaijaza wiki ya mwisho ya muhula, mhadhiri ameshamaliza mada, wengine wameshafunga mabegi. Kama alikuwa anakwenda mbio au haeleweki, aliyejaza hafaidiki chochote. Ni kusoma kipimo cha mtetemo ndege ikiwa imeshaegeshwa.

Naiomba serikali ya wanafunzi ipeleke hoja moja tu kwenye kikao kijacho na uongozi: fomu ijazwe wiki ya tano, bila jina, na mhadhiri arudi darasani wiki ya sita atuambie amesoma nini na atabadilisha nini. Watakaosema wanafunzi hawana uwezo wa kumpima mhadhiri, nitawauliza abiria wa siti za kushoto walihitaji leseni gani ya urubani ili wauone ule moto.