Mpiga Udi na Mfuko wa Mwenye Harusi

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo liletalo maneno mengi majumbani mwetu kila ikaribiapo Shaabani, nalo ni ujira wa watu wa taarabu katika harusi.

Mzazi mmoja hapa Unguja, aliyekuwa akioza binti yake, alitujia chuoni baada ya sala ya alasiri, mkononi ana karatasi ya bei aliyopewa na kikundi. "Maalim," akasema, "usiku mmoja tu! Huu si wizi?" Naye alikuwa amekwisha kusudia kukiweka rehani kishamba chake cha minazi apate kuwalipa. Tulimkaribisha kahawa, kisha tukaihesabu karatasi ile pamoja naye. (Hukumu ya ala za muziki hatukuigusa, wanavyuoni wamehitilafiana, na hapa si pahala pake.)

Tulimwambia kwamba kazi ile si ya usiku mmoja. Wimbo wa taarabu huweza kuchukua robo saa au zaidi, nao una utangulizi wake wa ala na viitikio vyake, na kundi zima halina budi kuujua. Hata zikapatikana nyimbo nane za harusi yako, watu wamekwisha kukutana jioni nyingi pasipo kulipwa na mtu. Ganuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji hukaa akizikaza moja moja kabla wageni hawajaketi. Tena aliyekuahidi wewe usiku wake hawezi kumpa mwingine usiku huo huo. Mwezi wa Ramadhani hana kazi, na harusi husongamana kabla yake na baada yake.

Walakini lipandishalo bei kuliko yote ni wingi wa watu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, alifuatana na wapigaji wachache tu, na sauti hiyo ikaenea pwani yote. Baadaye watu wetu walizisikia okestra kubwa za filamu za Kimisri, wakaanza kuongeza fidla juu ya fidla. Katika vilabu vya zamani kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, wanachama walikutana na kupiga kwa mapenzi yao, kila mtu ana kazi yake ya mchana, basi wingi haukumwumiza mtu. Wewe ukodiye, kila kiti jukwaani amekikalia mtu mwenye watoto. Tufanye mfano: watu 20, kila mmoja apate shilingi 40,000, ambazo si nyingi kwa kazi hiyo, hizo ni shilingi 800,000. Hapo bado gari la kuwachukua na kuwarudisha, vipaza sauti, jenereta umeme ukikatika, jukwaa, na chakula chao.

Na karatasi ile haikutaja kutunza. Wimbo ukikolea, jamaa huinuka mmoja mmoja na noti mkononi, na asiyeinuka husemwa. Fedha hiyo haitoki mfukoni mwa mwenye harusi, bali kwa dada zake na shangazi zake, ambao wamekwisha kukopa kwa ajili ya sare.

Mzee yule alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama haifai kukubali bei yote, halafu awapunguzie asubuhi. Tukamwambia la, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na huyo huyo Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Mwenye uwezo wa mbuzi mmoja asiagize ng'ombe kisha akagombana na mchinjaji.

Akaenda kwa kiongozi wa kikundi akasema kweli yake. Wakaafikiana watu sita: mwimbaji, udi, ganuni, fidla mbili na dumbaki, tangu baada ya isha hata saa sita. Nusu ya fedha alitanguliza, nusu akawapa kabla hawajazitia ala zao masandukuni. Kishamba hakikuwekwa rehani. Shangazi za bwana harusi walinuna kidogo walipoliona jukwaa dogo, hata ulipofika wimbo wa tatu wakainuka kutunza.