Boksi Lililokuwa Chini ya Kitanda

Mwezi huu tunaanza na kisa cha nyumbani kwa mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu. Ametuomba tukisimulie ili wengine wasirudie kosa lake.

Jumamosi moja alikuwa akifanya usafi katika chumba cha watoto. Chini ya kitanda cha mwanawe wa darasa la sita akakuta boksi limejaa nyaya, mota ya redio kaseti iliyokufa zamani, spika iliyochanika, betri kuukuu za simu, skrubu na vizibo vya soda. Wageni wa ibada ya nyumbani walikuwa wanatarajiwa jioni. Akalibeba boksi zima, akalitupa kwenye gari la taka lililokuwa likipita mtaani. Mtoto aliporudi kutoka kwaya hakulia. Aliuliza tu, "Mama, umetupa vyote?" Alipojibiwa ndiyo, akaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka giza likaingia.

Wiki ile ile familia hiyo ikaangalia filamu ya kijana wa Malawi aliyetengeneza kinu cha upepo. Ilipofika katikati, mama alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Mwanawe akamtazama, kisha akasema taratibu, "Mama, na vya kwake vilikuwa hivyo hivyo."

Mwenzetu anasema neno hilo lilimchoma kuliko mahubiri mengi aliyowahi kuyasikia. Sisi nasi tulipolisikia tulijihoji. Ni mara ngapi tumelia mbele ya televisheni kwa ajili ya jambo ambalo nyumbani kwetu tunalifagia nje?

Filamu hiyo inaitwa The Boy Who Harnessed the Wind. Ilitoka mwaka 2019. Aliyeiongoza ni Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anaigiza nafasi ya baba. Mama anaigizwa na Aïssa Maïga, na mvulana mwenyewe ni Maxwell Simba, kijana kutoka Kenya. Wanazungumza Kichewa na Kiingereza, na kisa chenyewe ni cha kweli. William Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987 na alikulia katika kijiji kilicho karibu na Wimbe, wilaya ya Kasungu. Njaa kubwa ilipoipiga Malawi mwaka 2001 na 2002, wazazi wake walishindwa kulipa ada, naye akatolewa sekondari. Hakukaa bure. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, akakuta kitabu cha sayansi chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini picha alizielewa.

Akiwa na umri wa miaka 14 alianza kuokota. Alichukua feni ya trekta bovu, shokapu, fremu ya baiskeli na dainamo. Mabomba ya plastiki aliyapasua, akayalainisha kwa moto na kuyanyoosha yawe mapanga ya kukamata upepo. Vizibo vya chupa alivitumia kama washa za kukazia bolti. Hakuwa na drili, kwa hiyo alitoboa matundu kwa msumari uliotiwa moto, na mpini wake ulikuwa gunzi la hindi. Mnara ulijengwa kwa magogo ya mkaratusi. Watu walisema amerukwa na akili, hadi siku balbu ilipowaka. Mwezi Juni 2007, akiwa na miaka 19, alisimama Arusha mbele ya mkutano wa kimataifa akaeleza kwa maneno machache alivyofanya. Baadaye alisoma Marekani, akahitimu katika chuo cha Dartmouth mwaka 2014.

Tuseme jambo moja ili tusidanganyane. Katika filamu, kinu kinavuta maji na shamba linaota. Katika maisha yake halisi kinu cha kwanza kiliwasha taa na kuchaji simu, na pampu ya maji ilikuja baadaye. Watengenezaji wa filamu wameyaunganisha. Hilo haliondoi ukweli wa kisa, ila tunapowaeleza watoto tuwape ukweli wote, wasije wakadhani kila kitu huisha vizuri ndani ya saa mbili.

Tunataka uangalie mambo mawili katika filamu hiyo. La kwanza ni miti. Njaa ile haikutoka mbinguni peke yake. Tunaona wakulima waliobanwa na shida wakiuza miti yao wapate fedha za haraka. Miti inapoondoka, mvua inapokuja hakuna kinachoyazuia maji, na baada ya mafuriko unakuja ukame. Nani kati yetu hajaliona hilo kwa macho yake, kilima kilichokuwa na msitu wakati tukiwa wasichana na leo ni kipara?

La pili ni mama. William anahitaji baiskeli ya baba yake aikate. Ni mali ya mwisho waliyobaki nayo. Baba anakataa kwa hasira, anakivunja kinu kidogo cha majaribio, anamrudisha kijana kwenye jembe. Baba si mtu mbaya. Ni mtu mwenye njaa anayeogopa kupoteza kilichobaki. Anayemfanya afikiri upya ni mkewe, Agnes. Hajui umeme unavyozalishwa, lakini anamjua mtoto wake na anamjua mumewe. Bila neno lake, baiskeli isingekatwa na kinu kisingesimama. Akina mama, hiyo ndiyo nafasi yetu katika nyumba nyingi: tunasimama kati ya hofu ya baba na ndoto ya mtoto.

Filamu ya pili tunayoisema ni katuni ambayo watoto wengi wameiona, WALL-E, iliyotolewa na Pixar mwaka 2008 chini ya uongozi wa Andrew Stanton. Dunia imejaa takataka mpaka watu wameikimbia. Kwa miaka 700 wanaishi katika chombo cha angani, wanene, wamekaa kwenye viti vinavyoelea, macho kwenye vioo, kila kitu wanaletewa. Duniani amebaki roboti mmoja mdogo anayeshindilia taka na kuzipanga kama matofali. Siku moja anaona mche mdogo wa kijani, anauweka katika kiatu kikuukuu. Kutoka katika chombo kile anatumwa roboti mwingine kuja kutafuta kama uhai umerudi. Msomaji wa Biblia hatakosa kumkumbuka njiwa wa Nuhu aliyerudi safinani na jani bichi la mzeituni, katika Mwanzo sura ya 8.

Watoto hucheka, lakini mtazame roboti huyo kwa jicho la mama mwenye nyumba. Anachaji kwa jua. Mnyororo wa gurudumu lake ukichakaa, anachukua wa mwenzake aliyekwisha kufa, anaendelea na kazi. Anachokiona kinafaa hakitupi, anakiweka akiba. Kampuni iliyowauzia watu vitu mpaka dunia ikajaa ndiyo iliyomtengeneza, lakini yeye amedumu miaka 700 kwa sababu anaweza kutengenezeka. Kinu cha William kiko hivyo hivyo. Kikivunjika, aliyekijenga anajua kilivyofungwa na vipuri viko kijijini.

Hapa ndipo tunapotaka kufika. Siku hizi madukani kila kifaa kinaitwa rafiki wa mazingira. Taa ya sola, chaja ya sola, jiko la kisasa, feni ya kuchaji, vyote vimechorwa jani la kijani kwenye boksi. Wengine wetu tumenunua taa ya sola kwa furaha, baada ya miezi mitatu ikagoma, na fundi alipotaka kuifungua akakuta imegundishwa kwa gundi. Ikaishia jalalani, na betri yake ndani. Je, hiyo ilikuwa rafiki wa mazingira? Jani lililochorwa kwenye boksi haliokoi mti.

Kwa hiyo tumekubaliana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa fedha kwenye pochi. Kitu hiki kinakula nini: umeme, mkaa, betri au jua? Kikiharibika, ni fundi gani mtaani kwetu anaweza kukifungua? Na siku kitakapokufa kabisa, kitalala wapi? Muuzaji akishindwa kujibu la pili na la tatu, rudisha fedha yako pochini.

Kuna kifaa kimoja ambacho kimejibu maswali hayo vizuri kwa zaidi ya miaka 40, nacho labda kiko jikoni kwako. Ni jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile la kiuno chembamba. Lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand na kulirekebisha liendane na mapishi yetu. Bati la nje hufuliwa na mafundi wa jua kali kwa vyuma chakavu, na kikombe cha ndani ni cha udongo uliochomwa. Udongo unazuia moto usipotelee pembeni, hivyo joto linakwenda kwenye sufuria. Likiwa limetengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa theluthi moja, wakati mwingine hadi nusu. Kikombe kikipasuka, hununui jiko jipya, unabadilishiwa kikombe. Hicho ndicho kifaa kilichofikiriwa.

Usilidharau jambo la jiko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, inayotoka kwenye kuni, mkaa, mafuta ya taa na vinginevyo. Wengi wanaoivuta ni sisi na watoto tulio nao mgongoni. Na tukumbushane: jiko la mkaa, hata lililo bora, lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa ili kupasha joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu usingizini.

Mwenye gesi, ashukuru na aitumie. Asiye nayo asikate tamaa. Loweka maharage usiku. Kesho yachemshe sawasawa kwa dakika kama 20, kisha funika sufuria na uitumbukize katika kikapu kikubwa ulichokijaza vipande vya godoro kuukuu au nguo zilizochakaa, uifunike na juu pia. Usifungue kwa saa tatu au nne. Maharage yatakuwa yameiva, au yatahitaji moto kidogo tu wa kumalizia. Ukitaka kuunga kwa nyanya na kitunguu, unga mwishoni. Kikapu hicho hakina nyaya wala betri, na unaweza kukitengeneza leo.

Bwana Yesu alipowashibisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, hakuondoka na kuacha mabaki yametapakaa majanini. Tunasoma katika Yohana 6 kwamba aliwaagiza wanafunzi wakusanye vilivyobaki, kisipotee kitu, wakajaza vikapu 12. Yeye aliyeweza kuumba mkate wakati wowote hakuona haya kuokota vipande. Na Adamu alipowekwa bustanini, Mwanzo 2:15, kazi aliyopewa ilikuwa kuilima na kuitunza. Aliyeambiwa atunze bustani si mwenye bustani. Ni mtumishi, na siku moja ataulizwa.

Turudi kwa mwenzetu. Usiku ule wa filamu, watoto walipolala, aliwaza atafanya nini. Gari la taka lilikuwa limekwenda, boksi halirudi. Asubuhi alimwita mwanawe, akamwomba msamaha, bila kuongeza neno "lakini". Anasema hilo lilikuwa gumu kuliko alivyotarajia, kwa sababu sisi wazazi tumezoea kuombwa msamaha, si kuuomba. Kisha wakaenda wote wawili kwa fundi redio wa mtaani. Fundi akampa mtoto mota mbili na nyaya za mkono mmoja, bure.

Boksi jipya lipo, ila sasa lina sheria. Betri za simu haziwekwi humo, hasa zilizovimba, kwa kuwa zinaweza kuwaka moto. Betri za gari hazipasuliwi wala kuchezewa, maana risasi iliyomo hudhuru ubongo wa mtoto. Nyaya hazichomwi ili kupata shaba, kwa sababu moshi wake ni sumu. Na hakuna kuchomeka chochote ukutani bila mtu mzima kuwapo. Mama anapofanya usafi hulivuta boksi, anafagia chini yake, analirudisha.

Tulimuuliza mtoto ametengeneza nini mpaka sasa. Mama yake akasema ametengeneza kifeni kinachozunguka kidogo halafu kinasimama. Pengine hakitawahi kuzunguka zaidi ya hapo. Si kila mtoto atakuwa William, na hatumwahidi yeyote hivyo. Lakini mtoto huyo sasa anajua kwamba kitu kilichoharibika kinaweza kutazamwa tena kabla ya kutupwa, na amelijua hilo kwa mama yake aliyerudi kumtazama yeye.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Angalieni mojawapo ya filamu hizi pamoja na watoto, na baba pia akiweza kuwapo. Mkimaliza, msikimbilie kulala. Waulizeni watoto wameona nini, kisha wasikilizeni. Halafu ingia jikoni kwako na uulize yale maswali matatu kwa kila kilichomo.

Bwana atupe macho ya kuona thamani katika vile tunavyoviita takataka, na mikono ya kutunza alichotukabidhi. Tukutane tena mwezi ujao.